Kunawisha Mashine

Masika alinipigia simu asubuhi moja ya msimu wa kahawa mwaka huu, nikiwa nimeketi mbele ya nyumba yangu hapa Kasese namenya viazi. Sikuitambua sauti. "Papa Wafula," alisema, "miye ni Masika, mutoto wa Fundi Kambale. Ulinibebaka mugongoni nikiwa mudogo." Nilisimama, ingawa kwenye simu hakuna anayeiona heshima hiyo. Alieleza kwamba walikuwa wamekimbia vita vya kwao Butembo, kwamba walikuwa wamepanga vyumba viwili Bwera, kwamba mama yake alifariki mwaka uliopita kabla hawajavuka mpaka. Baba yake alikuwa hai. Jicho moja lilikuwa limeziba, lakini masikio na kichwa vilikuwa vizima, na siku ile alikuwa ameuliza kama Diplome bado yuko. Hakuna mtu aliyeniita Diplome kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilimwambia Masika nitafika kesho yake, kisha nikaketi tena, na viazi sikuvimaliza.

Mambo ya wazazi wangu na kambi ya wafanyakazi wa mgodi tulimokulia nayaacha. Sura hii ni ya mwaka mmoja tu, mwaka niliotimiza ishirini na mbili, nilipokuwa na cheti cha sekondari mfukoni na kazi ya kusimamia mizani kwenye mashine ya kukoboa kahawa ya Mzee Baluku, pale Bwera. Chumba cha mashine kilikuwa cha mabati, kimegandamana na tanuri la mwokaji mikate, ukuta mmoja kwa wote wawili. Alfajiri tulipofungua mlango tulipokewa na joto na harufu ya mkate, na injini yenyewe ukiigusa ilikuwa na uvuguvugu kama ng'ombe aliyelala. Naomba msomaji aukumbuke ukuta huo. Mimi niliupita kila siku mwaka mzima bila kujiuliza ulikuwa unatufanyia nini.

Dizeli iliadimika mwaka ule. Iliyopatikana ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa na sijui nini kingine, na injini ilikohoa moshi mweusi ulioshuka moja kwa moja juu ya wanawake waliochambua kahawa kwenye mikeka uani. Jioni walipiga chafya nyeusi. Mmoja wao, mama mnene mcheshi kutoka Kinyamaseke, alikuwa akinionyesha leso yake na kusema, "Wafula, ona hii. Mume wangu anafikiri nimeolewa tena na muuza makaa." Sisi tulicheka. Fundi Kambale hakucheka. Alikuwa Mkongo mwembamba mwenye masikio makubwa, alivuka mpaka na mke na mtoto mchanga, na Mzee Baluku alimwajiri kwa sababu aliisikiliza injini dakika mbili akataja ugonjwa wake. Siku ile ya leso aliniambia, "Diplome, mashine yenye kuvuta moshi mweusi inakula chakula na kukitapika. Ile ni mafuta haikuungua. Batu banakohoa, na sisi tunapoteza." Aliniita Diplome kwa sababu ya cheti changu. Mwanzoni ilikuwa heshima. Nadhani baadaye ilikuwa utani, na mimi niliendelea kuisikia kama heshima.

Dawa yake ilikuwa mawese, yale mafuta mekundu ya michikichi yaliyoletwa kutoka ng'ambo ya mpaka kwa mitungi. Aliyachemsha kwenye sufuria kubwa mpaka yakaacha kutatarika, maana sauti hiyo ni maji, na maji ni adui wa pampu. Akayaacha yatulie siku mbili, akayachuja kwa kitambaa, kisha akayachanganya na dizeli: kikombe kimoja kwa vitano, baadaye kimoja kwa vitatu, mwishowe nusu kwa nusu. Kila mchanganyiko aliupima kwa njia yake mwenyewe. Alishika kipande cha kitambaa cheupe mbele ya ekzosi, mimi nikahesabu hadi sitini, kisha tukakining'iniza kwenye kamba ukutani. Kamba ile ilianza na kitambaa cheusi kama chungu, ikaja kijivu kizito, ikaja rangi ya majivu, na mwisho wake palining'inia kimoja cha rangi ya chai ya maziwa. Fundi alikuwa akisimama mbele yake kama watu wengine wanavyosimama mbele ya picha ya arusi yao. Na moshi haukunuka moshi tena. Ulinuka mandazi. Wapita njia waligeuza shingo kutafuta anayekaanga.

Vile vitambaa vilikatwa kutoka nepi za Masika. Mama Masika aliligundua hilo taratibu. Nilikuwa nakula kwao mchana na jioni, katika chumba kimoja alichokigawa kwa pazia, kitanda upande mmoja na jiko upande mwingine, na mazungumzo yao nayakumbuka kuliko masomo yote niliyosoma. Alipika bugali wa muhogo, sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa laini na kutiwa mawese, na samaki kutoka Katwe akiwapata. Chumvi ya Katwe aliiweka kwenye jani, kila mtu akachovya. "Baba Masika," alisema siku moja akimfunika mtoto kwa kanga yake, "mashine yako iko na nepi nyingi kuliko mutoto wako. Wakati itaanza kunyonya, utaniambia?"

"Itanyonya mawese, mama. Haitakusumbua."

"Mawese ya nani? Hii ya sombe? Diplome, kula haraka, huyu mutu ataimwanga kwa injini."

Alimcheka hivyo kila siku, na kila siku alimpa kichwa cha samaki, ambacho ndicho kitamu. Siku moja wanajeshi wa kizuizi cha barabarani walitusimamisha na mitungi miwili. Afande alifungua kifuniko, akachovya kidole, akalamba. "Nyinyi! Haya ni mafuta ya kupika ama ya mashine?" Fundi Kambale alisimama wima. "Ya yote mbili, afande." Afande alilamba tena, akafikiri. "Basi mashine yenu inakula vizuri kunishinda. Pita!" Mama Masika alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akaketi chini, na kwa wiki nzima kila alipompakulia mumewe alisema, "Pita!"

Kulikuwa na sharti moja. Injini ilikuwa na tangi mbili ndogo na koki moja kati yake. Tuliiwasha kwa dizeli tupu, na maji ya kuipoozea yalipopata moto tukageuza koki, ikaanza kula mchanganyiko. Jioni, kabla ya kuizima, tulirudisha koki kwenye dizeli tupu na kuiacha izunguke mpaka harufu ya mandazi iishe kabisa na harufu ya dizeli irudi. Fundi aliita jambo hilo kunawisha mashine. "Mutu akikula mawese anafanya nini? Ananawa. Usilaze mashine na mafuta mudomoni. Mawese ikipoa inaganda, na kesho asubuhi pampu itasukuma nini?" Hakuwa na saa wala kipimo cha kazi hiyo. Alifumba macho, akainamisha pua kwa ekzosi na kusema, "Bado. Bado. Bado. Sasa." Hapo tu ndipo nilipozima.

Nilisahau kuinawisha mara moja, Bwera, siku ya mvua kubwa. Usiku kucha sikulala vizuri. Asubuhi injini iliwaka kwa mzunguko wa kwanza wa hendeli ya kuiwashia kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilisahau mara ya pili, na sikuwa nimesahau sana. Ikawaka tena. Nikaanza kumtazama Fundi na pua yake kwenye ekzosi kwa jicho la mtu aliyesoma. Nilijua kuandika neno joto kwa Kiingereza na nilijua vipimo vyake, lakini sikuwahi kuweka kiganja changu kwenye ule ukuta wa tanuri na kuuliza ni nani aliyekuwa akiyayeyusha mafuta yetu usiku. Nilihitimisha kwamba kunawisha ni desturi tu, kama watu wengine wasivyofagia jioni.

Mzee Baluku alipendezwa na moshi mwembamba na zaidi na dizeli iliyobaki kwenye pipa. Alinunua injini ya pili, akaiweka Kyarumba, mlimani, ili watu wasishuke na kahawa kichwani mpaka Bwera. Mbele yangu alimwambia Fundi Kambale: "Msimu huu ile mashine ya juu itembee na mafuta yako. Ikimaliza bila kuharibika, nakupa kazi ya mashine zote mbili, na ile nyumba ya nyuma ya duka langu unaingia na mama na mtoto. Utakuwa mtu wa hapa." Kisha akaongeza, "Lakini ikikufa, Fundi, sitaki kusikia mawese tena." Mama Masika alikwenda kuiona nyumba ile siku hiyohiyo. Ilikuwa na vyumba viwili na dirisha lenye kioo. Alirudi na kutuambia mahali kitanda kitakapokaa, mahali meza itakapokaa, na kwamba mimi nitakuwa na kiti changu mwenyewe. Fundi hakuweza kuiacha mashine ya Bwera. Alinituma mimi juu.

Maishani sikuwahi kufanya kazi kwa bidii kama nilivyofanya Kyarumba. Wanawake waliteremka vijia vya milima na vikapu vya kahawa vichwani, wakipita mahali ambapo mimi nilishika nyasi ili nisianguke. Injini ilikaa kwenye kibanda cha mbao, upepo wa mtoni ukipita kati ya mbao. Siku tatu niliinawisha kama nilivyofundishwa. Siku ya nne nilisikia kwamba Mzee Baluku anapanda kesho yake, na nikawaza jambo lililoniletea furaha ya kijinga: nitamwonyesha mtungi wa dizeli ambao haujaguswa. Nitamwambia kwamba mwanafunzi amempita mwalimu wake, kwamba mimi naendesha kwa dizeli pungufu ya ile anayotumia Fundi. Jioni hiyo sikugeuza koki. Nilizima injini ikiwa bado inanuka mandazi, nikafunga kibanda nikipiga mluzi.

Alfajiri pumzi yangu ilionekana hewani. Bomba dogo la mafuta lilikuwa limeziba kwa kitu kama mafuta juu ya supu iliyolala. Nje wanawake walikwisha kupanga mstari. Ningechemsha maji, nikalifunga bomba kwa vitambaa vya moto na kungoja saa moja, mashine ingepona. Badala yake niliita wanaume wanne, tukaizungusha kwa nguvu, kwa hendeli na kwa kamba, mara kumi, mara ishirini, mpaka kitu ndani ya pampu kikalia kama mfupa. Mhimili wake ulikuwa umekatika. Hapo ndipo nilipochemsha maji. Niliyeyusha mafuta yote, nikaosha bomba kwa ile dizeli niliyojidai kuiokoa, nikalipangusa mpaka likang'aa. Nilijiambia kwamba natengeneza. Sasa ni mzee na naweza kulisema: nilikuwa nafuta.

Fundi Kambale aliitwa, akapanda kwa miguu na sanduku la vyuma begani, Mzee Baluku nyuma yake akipumua kwa shida. Alifungua bomba, akaliona safi. Alifungua pampu, akaona mabaki machache na mhimili uliovunjika. Alinigeukia kwa upole. "Diplome, jana ulinawisha?"

"Nilinawisha."

"Mpaka harufu ikaisha?"

"Iliisha."

Alinitazama, na nilingoja aone. Hakuona, kwa sababu hakuwa akimtafuta mwongo. Alikuwa akitafuta kosa kwenye mafuta. Akageuza ile pampu mkononi, akamwambia Mzee Baluku, "Basi ni miye. Nusu kwa nusu ni mingi kwa mulima. Mafuta yangu ndiyo ilivunja." Mzee Baluku alimfukuza kazi kwa maneno machache tu, lakini aliyasema mbele ya wote. Nje mvua ilianza, na ile kahawa iliyongoja pampu mpya ilipata ukungu vikapuni. Yule mama aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari aliibeba yake akarudi nayo mlimani.

Fundi na familia yake waliondoka Bwera kabla ya Jumapili. Niliogopa kwenda kuwaaga, nikaenda wakiwa wameshaondoka. Chumba kilikuwa kimefagiwa. Jirani alinikabidhi sufuria ndogo iliyofunikwa kwa jani: sombe, na juu yake kichwa cha samaki. "Mama Masika alisema ule, utakuwa na huzuni." Niliila. Hilo pia nalisema. Kazi ya mashine zote mbili nilipewa mimi, na nyumba yenye dirisha la kioo nilikaa miaka sita. Kwa dizeli tupu moshi ulirudi kuwa mweusi, na mama wa Kinyamaseke akaendelea kunionyesha leso yake, kisha siku moja akaacha kunionyesha.

Hayo ndiyo niliyoyabeba kwenda Bwera baada ya simu ya Masika. Nilimkuta Fundi ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, masikio yale yale, uso umepungua kuyazunguka. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Diplome! Umekuwa mutu munene!" Masika alileta bugali na sombe, na tulikula tukizungumzia kizuizi na afande, na alicheka mpaka akakohoa. Alisema mkewe alikuwa akiipenda hadithi hiyo. "Lakini tukigombana," akaongeza, "alisemaka kila mara: mafuta yako ilitufukuza Uganda. Hata hospitali, siku za mwisho, alinitania hivyo. Miye nilijibu nini? Ilikuwa kweli. Tangu Kyarumba sikuchanganya tena hata kopo moja."

Niliuweka mkono wangu chini. Nilikuja nimejiandaa kusikia kwamba alijua siku zote. Mtu hujipangia msamaha wa namna hiyo, ulio rahisi. Hakuwa akijua. Nikamwambia, kwa mpangilio, kuanzia mara mbili nilizosahau Bwera hadi mtungi niliotaka kumwonyesha Mzee Baluku.

Kisha akauliza, "Na bomba? Nililifungua miye mwenyewe. Ilikuwa safi."

"Nililiosha kabla hujafika."

Masika alisimama akakusanya sahani kabla hatujamaliza, akaingia ndani. Fundi alitazama njia, kwa lile jicho moja. Alipozungumza sauti yake haikuwa na ukali, na ningependa ingekuwa nao. "Mama Masika alikufa akifikiri ni mafuta." Akarudia, polepole zaidi, "Alikufa akifikiri ni mafuta."

Niliposimama kuondoka alinishika suruali. "Kaa. Kulikuwa baridi namna gani asubuhi ile?" Nikamwambia pumzi ilionekana. "Uliizima saa ngapi? Siku tatu za kwanza uliinawisha, na iliwaka?" Iliwaka. "Mara ya kwanza?" Mara ya kwanza, kila siku. "Nusu kwa nusu?" Nusu kwa nusu. Alipiga goti lake kwa kiganja. "Basi tunaenda Kyarumba." Nikamwambia kwamba Masika ana injini ya kusagia unga, niliyoiona hapo hapo nyuma ya nyumba, na tunaweza kujaribu hapo. Akanitazama kama alivyonitazama nikiwa na miaka ishirini na mbili. "Hapa kuko joto, Diplome. Hapa haionyeshi kitu. Bado hujajifunza?"

Mjukuu wa Mzee Baluku ndiye mwenye mashine ya Kyarumba siku hizi, kijana mwenye adabu aliyetukubalia kutumia injini yake ndogo ya akiba. Masika alitupeleka kwa gari la kukodi. Njia nzima hakunisemesha, lakini alikuwa ameyachemsha mawese yeye mwenyewe, na kwenye kiti cha nyuma aliweka kitambaa cheupe alichokikunja vizuri. Tuliiendesha injini alasiri yote. Moshi ulikuwa mwembamba, na kijana mmoja aliyepita na gunia alisimama akauliza nani anakaanga mandazi. Jioni Fundi aliomba kiti akiweke karibu na ekzosi. "Geuza koki wewe," akaniambia. "Leo nawisha wewe." Nikageuza. Alifumba jicho lake, akainamisha pua. "Bado," alisema. Nilisogeza mkono kuizima. "Bado. Usikimbie, nani anakufukuza? Bado." Harufu ya mandazi ilipungua, ikabaki uzi, uzi ukakatika. "Sasa."

Tulilala kwa mjukuu wa Mzee Baluku. Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya mto na pumzi zetu sote watatu zilionekana. Mchanganyiko uliobaki kwenye chupa dirishani ulikuwa umeganda kabisa, mwekundu, mzito. Fundi aliitikisa chupa, akanipa niishike. Kisha akanionyesha hendeli. Bega langu la kulia si zima, lakini sikumwachia mtu mwingine. Nilizungusha mara moja.

Iliwaka.

Masika alikishika kitambaa mbele ya ekzosi na mimi nikahesabu hadi sitini, kwa sauti, kama zamani. Fundi hakungoja nimalize. Alikuwa amegeuka kutoka kwetu na kutoka kwenye injini, ameelekea upande wa mpaka, milimani, na alizungumza kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu anayemwita mkewe kutoka chumba cha pili, nyuma ya pazia.

"Mama Masika," alisema, "haikuwa mafuta."